Jinsi Hewala Ilivyoihifadhi Roho ya Birika

Mzee Ngwali Faraji hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, wala dereva wa kumfungulia mlango wa gari hilo alilokuwa hana. Hakuwa na meno ya kutosha kwa mahindi ya kuchoma. Hakuwa na mke tena, Mungu alikuwa amemchukua. Hakuwa na ofisi, na kwa hiyo hakuwa na katibu wa kuwaambia wageni kwamba bwana mkubwa yuko mkutanoni. Hakuwa na leseni ya kujitolea, ingawa alikuwa akijitolea tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Na zaidi ya yote, jambo lililowafanya wakubwa wa Hewala wamtazame kama mtu anavyomtazama kuku aliyenyeshewa, hakuwa na mfadhili.

Wasomaji ambao hawajafika Hewala wasijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi ya amani, iliyo katikati ya majirani zake, na mipaka yake inajulikana vizuri zaidi na wavusha magendo kuliko na maofisa wa mipaka. Serikali yake ikisema jambo, raia huitikia "hewala", na kwa kuwa hawajawahi kuitikia vingine, nchi ikapewa jina hilo. Huko hakuna kitu kizuri kinachoachwa kipotee hivihivi. Kikionekana kitu kizuri, huundiwa idara, kikapotea kwa utaratibu.

Kitu kizuri tunachokisimulia hapa kiliitwa Mtandao wa Birika.

Ulianzia katika chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, enzi hizo Mzee Ngwali akiwa karani kijana wa ghala la pamba, anayesoma shule ya jioni huku usingizi ukimvuta masikio. Wenzake walikuwa muuguzi mmoja, mpima ardhi mmoja, na mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Bi Raya. Kila mmoja wao alikuwa na jambo lililomwasha kichwani, na hapakuwa na chuo kilichotaka kumsikiliza. Wakakubaliana wasikilizane wenyewe. Kila Jumamosi baada ya alasiri mmoja wao alileta andiko lake, yaani utafiti aliofanya kwa nguvu zake na kwa nauli yake. Hakuruhusiwa kulisoma. Mwenzake ndiye aliyelisoma, kwa sauti, polepole, kama anayechambua mchele. Kazi ya mwenye andiko ilikuwa moja: kushika birika na kuwamiminia kahawa watu waliokuwa wakimchambua, na kinywa chake kilikuwa kimefungwa mpaka birika liishe. Ukitaka kumjua mtu, mwache akumiminie kahawa wakati unamwambia kwamba ukurasa wake wa tatu ni uongo mtupu.

Sifa zilipigwa marufuku. "Sifa," alipenda kusema Bi Raya, "ni namna ya kistaarabu ya kukiri kwamba hukusoma."

Andiko la kwanza la Ngwali lilieleza kwa nini pamba ya asubuhi ilikuwa nzito kuliko pamba ya mchana. Bi Raya alilikamata kama paka anavyokamata panya, akalirusha huku na huku, hata Ngwali akajimiminia kahawa mguuni. Alikwenda nyumbani akalia. Kisha akaliandika upya, na tena, na aliporudi nalo mara ya mwisho, Bi Raya alikunywa kahawa yake yote bila kusema neno. Kwa hiyo, watu wengine wakiulizwa walisomea wapi hutaja vyuo. Mzee Ngwali alikuwa akijibu: "Nilikosolewa mpaka nikawa mtu."

*

Miaka ilikwenda, Mtandao ukaenea mji hadi mji. Aliyekuwa mbali alituma andiko lake kwa posta pamoja na pakiti ya kahawa, mtu akamimina kwa niaba yake, na baada ya kikao akaandikiwa waraka wa makosa yake yote. Wapo watu wa Hewala waliokuwa wakizitunza nyaraka hizo kabatini pamoja na vyeti vya ndoa.

Lakini bei ya stempu ilipanda. Fundi cherehani alifariki, duka lake likavunjwa, pakaota ghorofa. Waasisi nao walizikwa mmoja baada ya mwingine, wakabaki Mzee Ngwali mjini na Bi Raya aliyehamia mikoa ya magharibi kwa binti yake. Mtandao ukahangaika, leo kwenye ukumbi wa kanisa, kesho kwenye banda la kuku la mjumbe mmoja, ambapo jogoo aliwika kila hoja ilipofikia pazuri.

Hapo ndipo ulipojitokeza Mfuko wa Ng'ambo. Mfuko huo uliiandikia serikali kwamba umesikia habari za Mtandao, umeguswa moyo, na uko tayari kuufadhili kwa sharti moja tu: roho ya waasisi ihifadhiwe. Serikali ya Hewala haijapata kukataa sharti la mfadhili. Ikaunda Kurugenzi Kuu ya Kuhifadhi Roho ya Waasisi, yenye mkurugenzi, manaibu, madereva, na kitengo cha mapazia.

Mkurugenzi alikuwa Daktari wa Heshima Kinyogoli Msheshe, aliyepewa udaktari baada ya kukipa chuo kikuu saruji ya kumalizia ukuta. Siku aliyofika kwa Mzee Ngwali alivaa suti nyeupe na alikuwa na watu nyuma yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye Mkurugenzi wa Roho."

Mzee Ngwali aliitazama ile suti nyeupe, akavuta kiti akakaa. "Umenifuata mapema," alisema. "Hata sijaaga majirani."

"Ah, hapana, mzee!" Mkurugenzi alicheka, na wote waliokuwa nyuma yake wakacheka kwa kufuatana na vyeo vyao. "Roho ya waasisi. Tumeagizwa tuihifadhi. Iko wapi?"

"Iko wapi kivipi?"

"Mahali, mzee. Ilipo. Vijana wangu wamekuja na lori."

Mzee Ngwali alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ni kitu cha hatari katika Hewala, kwani hakuna ofisi inayoupokea. Alinyoosha kidole jikoni, kwenye lile birika la shaba lililokuwa juu ya seredani. "Labda imo humo," alisema.

Waliling'oa likiwa bado linachemka. Liliondoka na ving'ora, likapelekwa makumbusho ya taifa, likawekwa ndani ya kabati la kioo lenye taa na mlinzi. Rais mwenyewe ndiye aliyelizindua. "Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi roho hii ilikuwa ikitumiwa ovyo na kila mtu. Leo nina furaha kuwatangazia kwamba iko salama. Haitatumika tena."

Wananchi wakaitikia: "Hewala!"

*

Kuanzia hapo Mtandao ulistawi kiasi ambacho Mzee Ngwali alishindwa kuutambua. Vikao vilihamia hoteli ya ufukweni mwa ziwa. Ikatolewa posho ya kujitolea, halafu posho ya kusafiri kwenda kujitolea, halafu posho ya usumbufu kwa wale ambao kujitolea kuliwasumbua. Kwa kuwa sasa kujitolea kulikuwa na bajeti, kujitolea bure kukawa kosa la jinai. Muuguzi mmoja mstaafu alikamatwa barazani kwake akimweleza jirani namna ya kupoza homa ya mtoto. Akashtakiwa kwa kujitolea kiholela. Hakimu alimhurumia kwa uzee wake akamwachia kwa onyo, ila yule jirani akaamriwa kusahau aliyoelezwa.

Kahawa nayo haikumiminwa tena na mwenye andiko. Ilitangazwa zabuni, na mzabuni aliyeshinda alileta chai.

Lakini lililomuuma Mzee Ngwali hasa ni makosa. Mfuko wa Ng'ambo ulitaka kuona matokeo, na andiko lililokosolewa ni andiko lisilokwisha, na andiko lisilokwisha si tokeo. Kwa hiyo maandiko yakaanza kupita kwa makofi. Katika Hewala yako makofi ya aina nyingi: makofi ya kilo, makofi ya treni, makofi ya mvua inayoanza taratibu. Kila andiko lilipangiwa makofi yake kabla halijafika.

Siku moja alimkamata mkono Chande Mauya, ambaye mzee mwenyewe alimfundisha kuandika tangu akiwa mpimaji wa mizani pale ghalani, na ambaye sasa alikuwa Mratibu wa Kanda.

"Chande, mwanangu. Ile kazi ya bwana mifugo, uliisoma?"

"Niliipokea, Mwalimu."

"Nimekuuliza kusoma."

"Nilisaini kwamba nimeipokea."

"Anasema ng'ombe wa bondeni hawanywi maji mwaka mzima. Mwaka mzima, Chande! Hukushtuka?"

"Mwalimu," alisema Chande kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemshusha mgonjwa ngazi, "tulimpigia makofi ya treni. Sasa tukimrudia tutaonekanaje?"

*

Katika hali hiyo ndipo kilipofika kifurushi kutoka magharibi. Ndani yake mlikuwa na pakiti ya kahawa iliyotwangwa na tangawizi, andiko nene lililofungwa kwa uzi, na barua fupi ya Thureya, binti wa Bi Raya.

*Ami Ngwali, shikamoo. Mama ni mgonjwa na daktari hatufichi kitu. Macho yamekwisha tangu mwaka wa juzi, kazi hii aliniambia mimi niandike. Amenituma nikwambie hivi: hataki maombi, hataki pole, anataka kukosolewa. Anasema hajakosolewa siku nyingi na anajisikia kama amekwishakufa. Naomba kikao kikae upesi.*

Andiko liliitwa "Mlio wa Chungu". Bi Raya alikuwa amekaa na wafinyanzi wa bondeni miaka yake ya mwisho ya kuona na miaka yake ya kwanza ya kutoona, akiuliza jinsi wanavyokigonga chungu kwa kifundo cha kidole na kuujua ufa ambao jicho haliuoni. Alivigonga mwenyewe, chungu baada ya chungu. Alieleza mlio wa chungu kizima, mlio wa kilichounguzwa upande mmoja, na mlio wa kile kinachoonekana kizima ila hakitavuka msimu.

Mzee Ngwali alilisoma amesimama. Alipofika mwisho alikaa chini, akarudi mwanzo.

Kesho yake alivaa koti lake la harusi za watu, akaenda Kurugenzini.

"Mzee wangu!" alisema Mkurugenzi. "Shikamoo. Hii hapa pakiti ni nini?"

"Marahaba. Ni kahawa ya Bi Raya. Naomba kikao kimoja, Mheshimiwa. Kimoja tu. Watu waketi, wasome, waseme makosa. Mwenyewe yuko kitandani na siku zake si za kuhesabia miezi."

Mkurugenzi alilipima andiko kwa mkono. "Vyungu. Shida ni kwamba mada ya mwaka huu ni Nyuki na Uwekezaji."

"Basi mwakani?"

"Mwakani ni Mwaka wa Tathmini, hakuna vikao. Halafu kuna suala la mwandishi kufika mwenyewe, apigwe picha akipokea makofi."

"Hawezi kuketi, Mheshimiwa. Hawezi hata kugeuka."

"Utaratibu unaruhusu picha ya aliyelala, ila ni lazima awe anatabasamu." Mkurugenzi alifumba macho kwa uchungu wa kweli, kwani hakuwa mtu mbaya. Kisha akayafumbua. "Mzee, kwani sisi si watu? Nisaidie, nikusaidie. Mfuko unauliza habari za vikao vya mwaka jana. Kwa bahati mbaya vingi havikukaa, kwa sababu tulikuwa kwenye mafunzo ya kukaa vikao. Taarifa zimeandikwa, nzuri sana, zina mijadala na kila kitu. Zinataka mkono wa mwasisi mmoja chini yake, aandike tu: *Nathibitisha kwamba kikao kilikaa.* Weka mkono, na Jumamosi hii nakupa ukumbi, watu, na maua mezani."

Mzee Ngwali alikuwa na kiburi chake. Mtu aliyesoma kwa taa ya chemni, akalipa karo kwa kuuza baiskeli yake, jina lake analiandika kwa uangalifu kuliko mtu aliyezaliwa nalo kwenye bango.

"Sikuwapo," alisema.

"Hakuna aliyekuwapo, mzee. Ndiyo maana hakuna wa kubisha."

"Kikao ni watu, Mheshimiwa."

"Zamani," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Siku hizi kikao ni saini."

Mzee Ngwali aliinuka. Alipofika mlangoni alikumbuka ile kahawa, akageuka, lakini kijana wa Kurugenzi alikuwa ameshaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuibandika karatasi: *Sampuli ya Roho. Isichemshwe.*

*

Basi akaamua kukiita kikao nyumbani kwake, bila leseni, kwa siri, kama watu wengine wanavyopika gongo. Alizunguka kwa miguu kuwaalika, mlango kwa mlango. Jumamosi baada ya alasiri walikuja, na moyo wake ulijaa alipoviona viatu vikijipanga kizingitini. Alikuja Chande. Alikuja Mkufunzi Zamda wa chuo cha ualimu, aliyekuwa na ulimi mkali ujana wake. Alikuja Bwana Lipumbu wa maktaba, na wengine aliowalea. Kahawa ilichemshwa kwenye sufuria, kahawa ya dukani, na Mzee Ngwali mwenyewe akashika upawa kumimina kwa niaba ya Bi Raya.

"Karatasi ya mahudhurio iko wapi?" aliuliza Bwana Lipumbu.

"Haipo. Leo tumekuja kama zamani."

Walitazamana kwa haya, kama watu waliofika harusini wakakuta ni matanga.

Chande alisimama kusoma. Alikohoa, akafungua uzi, akasoma kwa sauti: "Mlio wa Chungu..."

Makofi yakalipuka.

"Ni kichwa cha habari tu!" alipaza sauti Mzee Ngwali. "Hajasoma kitu!"

Wakaomba radhi, wakatulia. Chande akasoma. Alisoma vizuri, kwa kweli, na kuna mahali, pale Bi Raya alipoeleza chungu kinachoonekana kizima ila hakitavuka msimu, Zamda aliinamisha kichwa na chumba kikanyamaza kimya cha zamani. Mzee Ngwali alisimama na upawa wake, akangoja. Alikijua kimya kile. Baada yake lazima mtu aseme, "Ngoja, ngoja, hapo pana kasoro."

Bwana Lipumbu aliinua mkono. "Mimi sina la kuongeza wala la kupunguza. Nampongeza mama yetu kwa kuthubutu."

"Naunga mkono hoja," alisema mwingine.

"Hoja ipi?" aliuliza Mzee Ngwali.

"Hiyo iliyotolewa."

"Haijatolewa hoja!"

"Basi ikitolewa, naiunga mkono mapema, maana nina safari."

"Bi Zamda," alisema Mzee Ngwali, na sasa alikuwa akiomba. "Mwanangu. Wewe uliwahi kumwambia mpima ardhi kwamba andiko lake ni kaburi lisilo na maiti. Umekumbuka? Alicheka mwaka mzima. Nambie kosa moja. Dogo tu. Hata nukta."

Zamda alifungua kinywa. Alifikiri, mtu aliweza kuona jinsi alivyokuwa akifikiri, kama anayetafuta funguo kwenye mkoba mkubwa. "Kazi nzuri sana, Mwalimu," alisema mwishowe, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Tumpigie makofi ya kilo."

Walipiga makofi ya kilo. Walipiga kwa mapenzi, wakapiga na ya mvua, wakainuka, wakavaa viatu vyao, kila mmoja akimshika mzee mkono kwa mikono miwili.

Chande alibaki nyuma. Alizungusha kikombe chake kitupu.

"Mwalimu, si kwamba sikutaka. Nilitafuta. Tangu ukurasa wa kwanza nilikuwa natafuta." Alikiweka kikombe chini. "Sijui tena kosa linavyotafutwa."

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema Mzee Ngwali. "Nenda ukapumzike."

*

Jumatatu asubuhi simu ililia.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, Thureya. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakunywa uji kwa kijiko. Ami, kila akiamka swali ni hilohilo: wamenikosoa? Jana ameniuliza mpaka nikamdanganya kwamba simu yako ina hitilafu."

Nyuma yake ilisikika sauti nyembamba, kavu, ambayo Mzee Ngwali hangeweza kuisahau hata akizikwa. "Mwambie asinifiche! Kama wamenisifu aseme!"

"Mama, tulia. Ami, anasema kama mmemsifu, basi watu waanze kumsomea Yasini, yeye na Mtandao wake kwa pamoja."

Kwa Mzee Ngwali, kusema kweli kulikuwa kumwambia Bi Raya kwamba watu walikaa, wakasikiliza, wakapiga makofi, na yeye angeielewa kweli hiyo vizuri kuliko daktari yeyote: kwamba kile alichokipa maisha yake kimetangulia, na anakifuata.

"Mwambie," alisema, "wamemchana."

"Wamekuchana, Mama!"

Kikasikika kicheko. Kilikuwa kicheko kidogo, kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu sana. Kisha ile sauti kavu: "Uongo huo. Anataka kunifurahisha. Nataka waraka!"

"Anataka waraka, Ami."

"Unakuja," alisema Mzee Ngwali. "Mwambie unakuja."

Alikaa mezani na andiko mbele yake. Kwanza alitafuta kosa la kweli, kwa sababu kumtumia Bi Raya makosa ya kubuni matupu lilikuwa jambo ambalo hata katika Hewala halikuwa na jina. Alisoma mpaka adhana ya adhuhuri, akasoma mpaka jua likahama meza. Andiko lilikuwa zuri. Aliligonga kila mahali kama wale wafinyanzi, nalo likalia uzima. Karibu na alasiri ndipo alipoinua kichwa. Akarudi ukurasa wa kati, akahakikisha, akaguna kama mtu aliyekanyaga mwiba na kufurahi kwamba mguu wake bado una uhai. Akachukua kalamu.

*Kwa Bi Raya. Kikao kilikaa Jumamosi baada ya alasiri. Chumba kilijaa, wengine walikaa dirishani na mmoja juu ya debe. Nilimimina mimi kwa niaba yako, na niliungua. Naomba usiwakasirikie vijana, maana hawakujui na hawana haya.*

*Yupo binti anaitwa Mwanakheri, anasomea ualimu. Ndiye mbaya wao. Anasema ukurasa wako wa kwanza ni ukumbi usio na nyumba, tukipiga hatua moja tuko nje, ufutwe wote. Nilitaka kukutetea nikakumbuka kwamba ninamimina. Mwenzake, kijana mpiga ngoma, anasema umewaandikia wafinyanzi maneno makubwa ambayo hakuna mfinyanzi anayeyasema akiwa na udongo mikononi, na anataka kujua ni lini waliacha kusema wao ukaanza kusema wewe. Hapo walishikana, kwa sababu Mwanakheri aliona hilo si kosa bali ndilo pekee zuri, akakemewa kwa kukaribia kusifu.*

*Langu mimi ni moja, na nataka unijibu. Mbona vyungu vyote umevigonga vikiwa vitupu? Chungu sokoni ni kitupu, lakini nyumbani kinaishi na maji ndani. Ufa wa chungu kilichojaa unaliaje? Umeandika kitabu kizima kuhusu vyungu ambavyo bado havijaanza kazi. Andika sura nyingine.*

*Walibishana mpaka birika likaisha, wakachemsha la pili, jambo ambalo ni kinyume cha kanuni, nami sikuwazuia. Kuna walioondoka bila kuagana. Jumamosi ijayo wanakutana tena wenyewe, nimesikia, bila hata kunialika.*

*Hakuna aliyekusifu.*

Alisoma alichoandika. Aliwaona kabisa, yule binti na yule mpiga ngoma, vidole vyao, ubishi wao, na ilimbidi kuondoa miwani na kuifuta, kwa maana walikuwa vijana wazuri na hakuna mahali popote katika Hewala walipokuwa wamezaliwa.

Waraka wa makosa hauendi bila uthibitisho. Bi Raya mwenyewe ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, na angemuuliza Thureya kwanza kabisa nani ameweka mkono. Mzee Ngwali aliishika kalamu juu ya karatasi kwa muda mrefu. Sheria za Hewala, ambazo ni nyingi, hazijaeleza tofauti iliyopo kati ya mtu anayethibitisha kikao ambacho hakikukaa ili apate fedha na mtu anayekithibitisha ili mwenzake afe akibishana. Huenda ipo. Yeye hakuitafuta. Aliandika chini, kwa mwandiko wa shule ya jioni, kila herufi imesimama wima: *Nathibitisha kwamba kikao kilikaa.* Akaweka jina lake.

Akaukunja waraka mara mbili, akautia ndani ya bahasha, akailamba gundi na kuikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Akavaa koti. Posta walikuwa wanakaribia kufunga, karani ameshavua miwani, lakini alipomwona mzee anavyohema aliivaa tena.

"Ya kawaida au ya haraka, mzee?"

"Ya haraka, mwanangu. Ya haraka sana."

Karani akaibandika stempu, akaipiga muhuri, akaitupa ndani ya gunia la mikoa ya magharibi, akalifunga gunia kwa kamba.